Kusuka siagi nyumbani hapa Nairobi: hatua zake na mila zinazoenda nayo

Siagi ya nyumbani haihitaji mashine. Inahitaji maziwa yenye mafuta, chombo kisafi chenye mfuniko, mikono ya mtu mmoja ama wawili, na kushinda hayo yote joto linalofaa. Hilo la mwisho ndilo watu hawaambiwi, mtu anasukasuka chupa mpaka mabega yanauma alafu anamwaga kila kitu kwa sinki akisema maziwa ya siku hizi ni ya uongo. Saa zingine kweli ni ya uongo, tutafika hapo. Lakini mara nyingi maziwa hayana makosa, ni vile yalikuwa moto sana ama baridi sana. Mama zetu ushago walijua hii kitu bila thamomita yoyote, na ukizichunguza mila zao za kusuka maziwa utakuta nyingi zinalinda vitu viwili tu, joto na usafi. Ndio maana naandika hatua na mila pamoja, sioni venye mtu atazitenganisha.

Maziwa kwanza

Maziwa ya paketi achana nayo kwa hii kazi. Mengi yamepitishwa kwa mashine inayovunja mafuta yakawa vipunje vidogo sana ndio yasielee juu, na vikishakuwa vidogo hivo hata ukisuka mpaka jioni havishikani. Yale ya kukaa miezi nje ya friji ndio kabisa usiguse. Unataka maziwa yenye ukiyaacha usiku kucha asubuhi unakuta malai imepanda juu, na hapa Nairobi hayo ni ya mkulima, yanaingia mapema kutoka Githunguri, Limuru, Kikuyu, Ngong na Kiserian, yanauzwa kwa maduka ya maziwa mitaani. Zile ATM za maziwa uliza kabla ununue, kuna zenye maziwa yake yamepashwa moto tu na bado yanatoa malai, kuna zingine yameshavunjwa kama ya paketi tu.

Uliza pia ni ng'ombe gani. Friesian anatoa maziwa mingi lakini mafuta ni kama asilimia 3.5, Ayrshire anakaribia 4, Jersey na Guernsey wanafika mpaka 5, na Boran wetu anatoa kidogo lakini mazito. Hii inabadilisha hesabu yako yote. Kwa maziwa ya Friesian unahitaji kama lita 20 hadi 25 upate kilo moja ya siagi, kwa hivo ukinunua lita 5 tarajia kitu kama gramu 200 na mara nyingi chini kidogo. Nasema mapema ndio usije ukakata tamaa ukiona donge dogo. Siagi ni kitu ya thamani na hiyo ndio sababu wafugaji waliipaka bibi harusi na wageni wa heshima, haikuwa ya kuchezea.

Kwa muuzaji usione haya kuuliza. "Mama, haya ni ya asubuhi ama ni ya jana jioni?" Mwenye maziwa mazuri hakasiriki. Maziwa yaliyoongezwa maji yanakupotezea pesa tu, lakini kuna mengine mabaya zaidi, yale yamewekwa dawa ndio yasiharibike, ama yametoka kwa ng'ombe alidungwa dawa ya ugonjwa juzi tu na mwenyewe hakungoja siku ziishe. Hayo hayalali vizuri, yaani hayachachi na kuganda kuwa mala, kwa sababu ile dawa inaua vijidudu vya kulaza maziwa. Ukiona maziwa yamekaa kwa meza siku mbili mwezi wa pili na joto lote hilo na bado yako vile vile, usisuke na usinywe.

Ya ngamia pia watu wanauliza, manake Eastleigh yako tele yanatoka Isiolo. Yanasukika lakini ni kazi ngumu sana, vipunje vyake vya mafuta ni vidogo na mafuta yenyewe yanayeyukia kwa joto la juu kuliko ya ng'ombe, kwa hivo lazima usuke yakiwa na joto zaidi na ngoja muda mrefu. Kwa anayeanza, kunywa ya ngamia, suka ya ng'ombe.

Alafu chemsha. Najua wazee walisuka maziwa mabichi, na najua kuna watu watasema ukichemsha umeua ladha, lakini brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinapitia kwa maziwa mabichi na kuyalaza hakuviui vyote. Brusela inakushika miezi, homa inaenda inarudi, viungo vinauma, na ukishapona ndio utajua ladha haikuwa na maana hivo. Mimi hapa sibishani na mtu.

Kupata malai

Pasha maziwa polepole kwa sufuria pana mpaka uone vipovu vidogo vimezunguka ukingoni na mvuke unatoka, yaache kwa moto mdogo hapo hapo bila kufurika kama dakika kumi ukikoroga, alafu toa. Yakichemka kabisa mara moja si mbaya, ila joto kali linafanya malai ipande polepole, kwa hivo utahitaji subira zaidi. Weka sufuria kwa beseni ya maji baridi ndio yapoe haraka, funika, ingiza kwa friji saa 24 na usiyatikise kabisa. Sufuria pana ni muhimu, mafuta yana njia fupi ya kupanda. Kesho yake chukua kijiko kikubwa ama upawa, toa ile safu ya juu polepole. Maziwa yanayobaki chini ni mepesi lakini ni mazuri kwa chai na uji, hakuna kutupa.

Kama hununui lita nyingi mara moja fanya vile wamama wengi wa Parklands na Ngara hufanya, yaani kila siku maziwa ya chai yakishachemka na kupoa unatoa ule utando mzito wa juu unaweka kwa bakuli yenye mfuniko ndani ya friji, unaongeza kila siku kwa wiki moja hivi. Usipitishe wiki sana, utando wa zamani unaanza kuwa na uchungu na ule uchungu utaingia kwa siagi.

Sasa kulaza. Malai tamu pia inatoa siagi, lakini iliyolala inatoka haraka na ina ile harufu watu wa nyumbani wanaijua. Changanya vijiko viwili vya mala nzuri kwa kila nusu lita ya malai, funika na kitambaa, acha kwa kona ya jikoni mpaka izidi uzito na inuke uchachu safi. Mwezi wa pili inachukua usiku mmoja, mwezi wa saba Nairobi ikiwa na baridi ile ya ukungu inaweza kwenda siku nzima na zaidi. Ikishika, rudisha friji saa kadhaa. Usiruke hii ya kurudisha friji, mafuta yanahitaji kuganda kidogo ndani ya vile vipunje ndio yakigongana yashikane badala ya kupakana tu.

Kuna njia nyingine ya zamani zaidi, ile ya kusuka maziwa lala yote bila kutoa malai. Hiyo ndio ya kibuyu hasa, na ndio ilikuwa ya wafugaji wengi hapa kwetu. Inachukua muda mrefu, saa nzima na hata zaidi, na inaacha mafuta kidogo kwa mtindi, yale maji meupe yanayobaki siagi ikishatoka, lakini mtindi wake hauna mpinzani.

Kibuyu

Chupa ya kioo yenye mdomo mpana inatosha kabisa, ama jagi ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, na kama ndio mara yako ya kwanza anza na kioo uone kinachoendelea ndani. Lakini kibuyu ni kitu kingine na naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu naona vibuyu vimegeuka kuwa mapambo ya ukuta wa hoteli na inaniuma.

Vibuyu vya kuuza viko Maasai Market na sehemu zingine za vitu vya kienyeji mjini. Shida ni kwamba vingi vimepakwa vanishi ama polishi ndio ving'ae kwa mtalii, na hivo haviwekwi maziwa. Tafuta kisichopakwa kitu, kikavu, kizito kiasi, ukikigonga kinatoa sauti ngumu, na chunguza shingo isiwe na ufa. Kama ni kipya, ndani kuna nyama kavu na mbegu. Jaza maji ya moto, acha usiku kucha, mwaga, kwangua na kijiti kirefu, tia mawe madogo safi na maji utikise kwa nguvu, mwaga tena. Rudia siku kadhaa. Kila ukimwaga onja tone la maji kwa ncha ya ulimi na uteme. Yakiwa machungu bado. Ule uchungu si wa ladha tu, kuna vibuyu vyenye sumu ya uchungu inayoumiza tumbo vibaya, kwa hivo kibuyu ambacho hakiachi uchungu hata baada ya wiki nzima, kiwekee maua.

Kikishatakata kinafukizwa. Hapa kila jamii iko na mti wake. Wakalenjin wanatumia senetwet, ule mti wa maua ya njano yamesimama wima, wanachoma kijiti mpaka ncha iwe kaa jekundu, wanaingiza ndani ya kibuyu na kusugua kuta zote mpaka mle ndani kunakuwa kweusi na kunanukia, alafu majivu ya ziada yanapanguswa na sosiot, kile kifagio chao cha mtende. Ndio hiyo inaipa mursik, maziwa yao ya kulala, ile rangi ya kijivu. Wamaasai wanapenda oloirien, mzeituni wa porini, ule Wakikuyu wanaita mutamaiyu, na kusafisha ndani kuna kijiti chenye nywele za mkia wa ng'ombe kwa ncha. Wasomali na Waborana nao wanafukiza vyombo vyao vya kusukwa kwa nyuzi kabla maziwa hayajaingia. Hii yote ni usafi. Kibuyu hakichemshwi kama chupa ya mtoto, kina vinyweleo ndani, na kaa la moto linakausha, linaua vijidudu vya kuozesha na moshi unaacha kitu kinachozuia vingine kurudi upesi. Bila jiko la gesi wala sabuni walikuwa wameshamaliza.

Kwa ploti ama fleti unaweza kufanya hivo juu ya jiko la makaa nje kwa balkoni. Kitu moja tu, tumia kijiti cha mti unaoujua. Usichukue mbao za mjengo, zimewekwa dawa ya mchwa, ama plaiwudi, ama kipande cha fanicha ya zamani chenye rangi. Na makaa ya gunia hujui ni mti gani. Kama una mtu anatoka Narok, Bomet ama Nandi mwambie akuletee vijiti vichache, vinakaa miaka.

Kibuyu cha nyumba ni cha mama. Kwa Wamaasai maziwa ni eneo la mwanamke, yeye ndio anajua nani anapata nini, na watoto wanaweza kuwa na vibuyu vyao vidogo. Kwa Wakalenjin kibuyu kinavalishwa shanga na kauri, na wakimbiaji wakirudi na medali wanapokewa JKIA ama Eldoret na mursik kwa kibuyu kama hicho, nchi nzima inaona kwa TV. Mursik yenyewe haisukwi hivi tunavyosuka siagi, lakini chombo ni kile kile na heshima ni ile ile.

Kusuka sasa

Toa malai ama lala kwa friji uache ipande joto kidogo. Kwa malai unataka nyuzi 15 hadi 18, kwa lala nzima inaweza kufika 20. Kama huna thamomita weka chupa kwa shavu, inafaa kuwa ya ubaridi wa kupendeza, isikushtue kama soda ya friji na pia isiwe na joto la chumba cha mchana. Asubuhi ya Julai jikoni kwingi Nairobi tayari kuko hapo hapo kwa 16 ama 17 na hufanyi kitu. Mchana wa Februari chumba kinapita 25, na hapo unafanya kazi asubuhi na mapema ama unaweka beseni ya maji ya barafu kando na unatumbukiza chombo kila ukiona kinapata joto. Huko kwa wafugaji kusuka ni kazi ya alfajiri ama jioni jua likishalala, na sababu yake ni hii.

Jaza chombo nusu tu. Hii watu hawaamini, wanataka kujaza ndio wamalize mara moja, na maziwa yanakosa nafasi ya kujigonga. Siagi inatokana na kugongana. Kila kipunje cha mafuta kina ngozi nyembamba, ukikipiga ngozi inapasuka, mafuta ya ndani yananata kwa ya jirani yake, na hivo hivo mpaka yanakuwa punje unazoziona na macho.

Ukiwa na kibuyu kikubwa kifunge kamba shingoni na kiunoni, kining'inize kwa kitu imara ama kiweke kwa mapaja, suka mbele na nyuma kwa mwendo ule ule bila haraka. Chupa ya kioo shika kwa mikono miwili, moja kwa mfuniko, tikisa. Baada ya dakika chache fungua kidogo utoe hewa, iliyolala inatoa gesi na mfuniko unaweza kuruka, alafu funga uendelee.

Sikiliza, macho hayatoshi. Mwanzoni unasikia maji maji, chwa chwa chwa. Alafu malai inanenepa na sauti inapotea kabisa, chupa inakuwa kama haina kitu kinachotembea ndani, mkono unasikia uzito mmoja tu, na ndio hapa wengi wanadhani imeharibika na wanaacha. Usiache. Endelea dakika kadhaa, na ghafla unasikia kitu kimeanguka ndani, pwaa, maji yamerudi na kuna kitu kinagonga kuta. Ukiangalia kupitia kioo kinachokuwa kimepakwa nyeupe yote kinaanza kujisafisha chenyewe, kunaonekana njia njia, na mle ndani kuna punje za njano kama mchele uliovunjika zinaelea kwa maji meupe membamba. Hapo simama. Ukizidisha sasa punje zinakuwa donge moja lililofunga mtindi ndani na kuuosha utoke ni shida. Kwa malai iliyolala vizuri yote hii ni dakika 15 hadi 30.

Na isipokuja? Karibu kila nchi yenye ng'ombe ina hadithi ya siagi iliyokataa kuja, na karibu kila mahali analaumiwa mtu, jicho la jirani ama mchawi. Ireland waliamini siku ya kwanza ya Mei kuna watu wanaiba siagi ya mwenzao kwa uchawi, siku hiyo hutoi moto wala maziwa nje ya nyumba, na mgeni akiingia mkiwa mnasuka lazima ashike mti wa kusukia apige kidogo na kubariki kazi kabla hajatoka. Uingereza karne ya 17 kulikuwa na maneno ya kuimbia malai, yanaiambia siagi njoo, njoo, Petro amesimama langoni anangojea keki yake yenye siagi. Na siagi ikizidi kukataa walikuwa wanachukua kiatu cha farasi ama chuma cha jikoni, wanakiweka motoni mpaka kiwe chekundu, wanatumbukiza kwa malai kumchoma mchawi. Na siagi ilikuwa inakuja! Fikiria nyumba ya mawe huko wakati wa baridi, malai iko nyuzi 8 ama 9, mafuta yameganda kabisa hayashikani, chuma cha moto kinaipandisha mpaka joto lake. Ule wimbo nao unashikilia mwendo usibadilike. Na mgeni kushika mti ni mikono ya akiba, anayesuka amechoka na hasemi.

Kwa hivo fanya vile vile bila kumchoma mtu. Kama dakika 40 zimepita na malai ni nyembamba na ina povu povu, ina baridi sana ama umejaza sana, simamisha chupa kwa beseni ya maji vuguvugu dakika mbili tatu, punguza iliyozidi, suka tena. Kama imetoa kitu laini kinachopakapaka kama losheni, ni joto, mimina nusu glasi ya maji ya barafu moja kwa moja ndani. Na mgeni akiingia mpe chupa. Watoto nao wape zamu, kila mmoja aimbe wimbo wake anaoutaka mpaka uishe, mkono mwingine unapokea. Mtoto aliyesuka siagi hasahau inatoka wapi, na hapa mjini wengi wanajua tu ile ya kopo ya mafuta ya mimea.

Wahindu nao wako na hadithi za Krishna akiwa mtoto akiiba siagi iliyoning'inizwa juu kwa vyungu, na kwa sikukuu yake ya Janmashtami vijana wanapandiana mabegani kuvunja chungu cha maziwa yaliyoganda. Chungu kilining'inizwa kwa sababu juu ndio paka hafiki.

Kuosha, kukanda, chumvi

Hii hatua ndio inaamua kama siagi yako itakaa siku tatu ama wiki mbili. Mimina kila kitu kwa kichungi chenye kitambaa safi, mtindi uingie kwa bakuli chini. Rudisha punje kwa bakuli, mwagia maji baridi sana yaliyochemshwa ukayapoza, koroga taratibu na mwiko wa mbao uliolowa, mwaga hayo maji. Yatatoka meupe. Rudia mpaka yatoke safi kabisa unaona chini ya bakuli. Mtindi ukibaki ndani ndio unachacha na kufanya siagi inuke.

Sasa kanda. Tumia mgongo wa mwiko, bonyeza siagi kwa ukuta wa bakuli, kunja, bonyeza, utaona matone ya maji yanachuruzika, mwaga. Usitumie mikono, inayeyusha. Endelea mpaka ukibonyeza hakuna tone linatoka na ukiikata na kisu uso wa ndani uko laini bila vishimo vya maji. Chumvi ni ya hiari, kwa gramu 250 weka kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa, kanda ienee, pima ladha. Siagi nzuri ina kama asilimia 80 ya mafuta, iliyobaki ni maji zaidi, na hayo maji ndio unapigania kuyapunguza hapa. Ifunge kwa karatasi ya mafuta ama kibakuli cha kioo, mbali na kitunguu na samaki, inavuta harufu vibaya sana.

Rangi isikutie wasiwasi. Ng'ombe akila nyasi mbichi mvua ikinyesha siagi inakuwa njano kabisa, akila nyasi kavu na chakula cha dukani inakuwa nyeupe. Ni ile ile.

Mtindi kunywa ukiwa baridi, ama kula na ugali, ama kandia chapati na mandazi, unga unakuwa laini ajabu.

Samli

Kama huna friji ama umepata siagi nyingi, igeuze samli, na kwa hali ya hewa yetu naona hii ndio ilikuwa lengo la wengi tangu zamani. Weka siagi isiyo na chumvi kwa sufuria nzito, moto mdogo. Itayeyuka, itatoa povu jeupe juu na kuanza kulia lia, hayo ni maji yanatoka. Koroga usiiache uende kuangalia simu. Kelele zinapungua, vipovu vinakuwa vidogo vidogo na safi, chini kuna chembe zinageuka rangi ya dhahabu na nyumba nzima inanukia mpaka jirani anabisha. Zima hapo hapo. Ukichelewa dakika moja tu chembe zinaungua na samli inakuwa chungu. Chuja na kitambaa kwa chupa kavu kabisa, tone moja la maji linatosha kuleta ukungu. Ikiwa hivo inakaa miezi kwa kabati.

Matumizi unayajua mwenyewe. Wajaluo wanaita mo dhiang' na kijiko kimoja kwa osuga, yaani managu, ama kwa aliya, nyama ya kukaushwa, kinabadilisha sahani yote. Kwa pilau na biriani hakuna mjadala. Waborana na Wagabra kule Marsabit na Moyale wana buna qalaa, kahawa nzima nzima zinakaangwa kwa siagi zinapasuka, zinatafunwa na mafuta yake yanapakwa kichwani na usoni kwa baraka, na kina mama wa Ethiopia wanapaka siagi kwa nywele. Kwa koito, sherehe za posa za Wakalenjin, bado utaona siagi inapakwa wageni, na Wasamburu na Wamaasai wanachanganya mafuta na udongo mwekundu kujipaka kwa sherehe. Ukitaka ya kupaka, tenga ile isiyo na chumvi na usiongeze viungo.

Baada ya kazi osha chupa na maji ya moto na sabuni kama kawaida. Kibuyu usitie sabuni hata kidogo, kitaivuta na siagi yote inayofuata itanuka sabuni. Suuza na maji ya moto mara kadhaa, sugua ndani, kipindue kikauke kivulini pasipo na vumbi siku nzima, na kabla ya kusuka tena kifukize upya. Kama hutakitumia kwa muda kiache wazi bila kufunikwa, na ukikuta kimeanza kunuka uvundo rudia maji ya moto na kaa mpaka harufu iishe ndio uweke maziwa.